Magurudumu Niliyoyapitisha Bila Kuyasikia

Mwezi uliopita binti mmoja anayesoma chuo kikuu pale Chepkoilel alikuja kwangu Huruma kunirekodi kwa simu. Alikuwa anatafuta historia ya Eldoret na reli yake, na mtu fulani kanisani alimwambia, "Nenda kwa Mzee Okumu, huyo alizeekea stesheni."

Nilimpa alichotaka. Nilimwambia kwamba hapa palikuwa nyasi tupu na shamba lenye nambari sitini na nne, ndiyo maana wazee wa Kikalenjin mpaka leo wanapaita Sisibo, yaani ile "sixty-four" ya Kiingereza kwa matamshi yao. Nilimwambia jinsi Makaburu walivyopandisha mizigo kwa magari ya ng'ombe kutoka Londiani, wakikwama matopeni mpaka unga unaota ukungu. Halafu reli ikafika, na mji wote ukageuza uso kutazama stesheni: maduka ya Wahindi, maghala ya mahindi, benki, baa, hoteli za chai za watu wa Murang'a, na sisi watu wa ziwa tuliokuja kuandikwa kazi. Akashukuru, akamaliza chai, akaenda zake.

Alipofunga geti nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa nimemweleza mambo niliyosimuliwa tu, na lile nililolifanya kwa mikono yangu nimelificha. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi vijana, yeye akiwemo, kabla sijabadilisha nia.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa mabehewa. Treni ikisimama Eldoret, iwe ya mizigo au ya abiria, haikuondoka mpaka mkaguzi aizunguke yote na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima likigongwa linaimba, na ule mlio unakaa hewani kidogo. Gurudumu lenye ufa linajibu kama mtu mwenye mafua: du. Basi. Ukisikia hiyo du, behewa linakatwa, yaani linafunguliwa kutoka kwenye treni, na haliendi popote. Yaliyo mazima unayatia alama ya chaki, na treni inaondoka kwa neno lako. Dereva hagongi magurudumu. Stesheni masta hagongi. Abiria hata hajui kuna mtu anayegonga. Ni sikio lako tu.

Aliyenifundisha ni Mzee Makokha, Mbukusu mmoja mfupi ambaye baba yake alibeba begani mataruma, vile vyuma ambavyo reli hulalia, wakati njia inajengwa. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kushika nyundo. Alinisimamisha nyuma yake nimefumba macho, yeye anagonga, mimi nasema zima au bovu. Nikikosea ananipiga kofi la kisogoni, si la kuumiza, la kuamsha. Alinifundisha kwamba breki zikiwa bado zimebana, gurudumu zima litadanganya liseme du, kwa hiyo kwanza hakikisha breki zimeachiliwa. Mafuta yakijaa kwenye gurudumu pia yanaziba mlio. Ukiwa na shaka gonga mara tatu, sehemu tatu. Ukibaki na shaka, hapo huna shaka tena: likate.

Niliishika hiyo kazi mpaka ikawa ugonjwa. Mke wangu, Mama Achieng, aliwahi kunituma sokoni kununua chungu. Niligonga vyungu vyote vya yule mama muuzaji, sikio limeinama, mpaka akaniuliza, "Baba, unanunua ama umekuja kupiga ngoma?"

Shida nyingine ya kazi ilikuwa majirani zetu. Zamani ekseli za mabehewa zilizungushwa pamba iliyoloweshwa mafuta, zisishike moto. Hiyo pamba ilikuwa nzuri ajabu kwa kuwashia jiko. Akina mama wa landi, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walikuwa wakiichomoa jioni, nasi asubuhi tunakuta ekseli kavu. Siku moja nilizunguka nyumba kwa nyumba nikihubiri juu ya hatari ya kuiba pamba. Nilihubiri vizuri. Niliporudi kwangu nikakuta jiko linawaka, na harufu ile naijua. Mama Achieng akanitazama machoni bila aibu. "Kwani ulitaka chai ama hukutaka?"

Nacheka nikiandika haya, lakini naandika polepole, kwa sababu najua kinachofuata.

Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka mingi wakati sikio la kushoto lilipoanza kufa. Halikuuma. Sauti zilianza kuja kana kwamba mtu ameweka blanketi katikati. Mama Achieng alikuwa akiniita nimempa upande huo, siitiki, naye akadhani nina kiburi au nina mwanamke. Nilimwacha adhani. Mnaelewa? Niliona heri mke wangu anishuku kuliko ajue sisikii.

Sababu ilikuwa ile nyumba ya landi. Ilikuwa inaenda na kazi, na kazi ilikuwa inaenda na sikio. Tulikuwa na watoto wanne. Kila asubuhi nikiamka, kabla sijavaa kiatu, nilikuwa nasugua vidole karibu na sikio la kushoto nione kama usiku umelirudisha. Halafu nasugua karibu na la kulia, nione kama bado lipo. Nilikuwa na hofu mbili, na sikujua ipi ni kubwa.

Nikatafuta ujanja. Ukizunguka treni ukiwa nayo mkono wa kulia, ukafika kwenye injini, ukavuka na kurudi upande wa pili, bado itakuwa mkono wako wa kulia. Kwa hiyo nilihakikisha naanzia mahali pamoja kila siku. Sikio zuri lilikaa upande wa magurudumu, na bovu likatazama nje. Miezi saba nilifanya hivyo. Hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe nikaanza kujiambia hakuna cha kujua.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, ile mvua yetu ya saa tisa mchana inayopiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Treni ya kwenda Malaba iliingia imechelewa. Nyuma ya injini ilikuwa na mabehewa ya mizigo, na mkiani mabehewa matatu ya abiria yaliyojaa watoto wa shule wanaorudi bweni, akina mama na vikapu vyao, na askari mmoja aliyekuwa akienda likizo. Gadi wa treni, yule anayeipa ruhusa ya kuondoka kwa bendera, alikuwa Njoroge, jirani yangu wa landi, ukuta kwa ukuta.

Pale ninapoanzia kila siku palikuwa pamezibwa. Injini ndogo ya kupanga mabehewa ilikuwa imesimama hapo, na watu walikuwa wanashusha ng'ombe waliogoma kutoka kwa sababu ya mvua. Sikungoja. Nilianzia upande mwingine, kichwa nimekiinamisha, maji yanaingia kwenye kola. Nikagonga, nikatia chaki, nikagonga, nikatia chaki. Kwenye behewa la tisa niligonga na sikupata jibu lolote, wala la kuimba wala la mafua. Nikageuza kichwa, nikagonga tena. Mvua tupu. Bwana Kimutai, stesheni masta wetu, alikuwa mlangoni mwa ofisi akinionyesha saa. Kulikuwa na treni nyingine iliyokuwa inangojea hii kule stesheni ya Turbo ili zipishane.

Nikatia chaki.

Njoroge akapepea bendera yake ya kijani, akanipungia mkono, na treni ikaondoka kuelekea mteremkoni.

Kama robo saa baadaye mvua ilikatika ghafla. Nilikuwa nimesimama kwenye varanda ya ofisi nikikamua kofia, na kichwani nikawa narudia mzunguko wangu: nilianza hapa, nikaenda hivi, nikavuka pale. Mikono yangu ikanionyesha kabla akili haijafika. Treni yote ilikuwa upande wangu wa kushoto, kwenda na kurudi. Sikuwa nimekosa gurudumu moja la behewa la tisa. Sikuwa nimesikia hata moja. Niliyodhani nimeyasikia, nilikuwa nayakumbuka kutoka siku nyingine.

Nikashika nguzo. Nataka mjue niliwaza nini, kwa sababu si vizuri nijifanye malaika. Niliwaza kwamba pengine treni iko sawa. Treni nyingi huwa sawa. Nikinyamaza, kufikia jioni itakuwa Malaba, na kesho nitaanzia mahali pangu. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu mpaka leo.

Kisha nikaingia ofisini.

"Bwana Kimutai, simamisha Malaba pale Leseru."

Alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. "Kwa nini?"

"Magurudumu sikuyaskia vizuri."

Akaweka kalamu chini. "Si umeyatia chaki?"

"Nimeyatia."

"Okumu, kuna watu Turbo wananingoja. Ni nini hasa? Ni mvua?"

Alinipa mlango, vijana wangu. Aliufungua kabisa na kunishikia. Nami nikapita. "Ndiyo," nikasema. "Ni mvua."

Akachukua simu akazungusha mpini wake. Leseru, stesheni inayofuata, hawakujibu. Akazungusha tena. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani na kuhesabu: sasa iko kwenye kona, sasa iko kwenye lile daraja dogo, sasa inaanza kupunguza mwendo. Kama ikipita Leseru, mbele yake kuna mteremko mrefu na watoto wale wote mkiani. Bwana Kimutai alianza kutokwa jasho na yeye. Mara ya nne mtu akajibu.

"Malaba imefika? ... Iko? ... Ishike hapo. Usiipe njia. Nimesema ishike!"

Akakata. "Leseru hawana mkaguzi," akaniambia. "Chukua pikapu, nenda uikague tena."

Hapo ndipo uongo wangu uliponirudia usoni. Nitaenda kuikagua tena kwa sikio gani? Ningesema ukweli wakati ule ule, lakini mdomo ulikataa. Nikamwambia dereva wa pikapu apitie Huruma kwanza.

Mzee Makokha alikuwa amestaafu, ana chumba chake hapa na kipande cha sukuma wiki nyuma. Nilimkuta anapalilia kwenye matope. Nilimwambia yote nimesimama, bila hata salamu. Sikio, ujanja wa mkono wa kulia, miezi saba, treni iliyoko Leseru.

Aliweka jembe chini. Nilidhani atanipiga lile kofi lake. Ningelifurahia.

"Miezi saba umetia chaki," akasema.

"Kwa sikio la kulia, Mzee. La kulia ni zima."

"Nani amesema ni zima? Wewe?"

Akaosha mikono kwenye ndoo, akaingia ndani, akatoka na nyundo yake. Tukapanda pikapu mpaka Leseru.

Tulikuta abiria wameshuka na kuketi kando ya njia. Wale wanafunzi walikuwa wakiimba. Mama mmoja alinifokea kwamba ana mgonjwa Bungoma na sisi tunachezea watu. Njoroge akanijia, "Jirani, kuna nini?" Nikamwambia tunakagua tena. Akamtazama Mzee Makokha, akatazama nyundo, akanitazama mimi.

Mzee akaanza na behewa la tisa, lile lililonitoa roho. Akaamuru breki ziachiliwe. Akagonga. Hata mimi, nikiwa nimeelekeza sikio la kulia, nilisikia: liliimba. Akagonga sehemu tatu. Likaimba mara tatu. Lilikuwa zima kabisa, gurudumu zuri kuliko yote kwenye treni ile.

Nilipumua. Mwanafunzi mmoja akapiga makofi. Nilianza kufikiria jinsi nitakavyomwomba radhi Bwana Kimutai kwa usumbufu. Lakini Mzee hakusimama. Alienda polepole, behewa kwa behewa, upande mmoja mpaka mwisho, akavuka, akaanza kurudi. Jua la jioni lilikuwa limetoka na reli zilikuwa zinafuka mvuke.

Kwenye behewa la mwisho kabisa la abiria akagonga, akasimama. Akagonga tena. Akaniita kwa kidole, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama kinyozi, akageuza sikio langu la kulia karibu na chuma. Akagonga.

"Umeskia nini?"

Nilisikia mlio. Naapa nilisikia mlio, mfupi lakini mlio.

"Ni zima," nikasema.

Akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Alipangusa gurudumu kwa kitambaa chenye mafuta, akapangusa tena kwa kikavu, akapaka chaki yangu mwenyewe juu yake, akagonga. Mafuta yaliyojificha ndani yakatoka na kuchora mstari mweusi kwenye ule weupe, mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni kuingia ndani, urefu wa mkono wangu.

Juu ya gurudumu lile walikuwa wamekaa wale watoto wa shule.

Njoroge alivua kofia. Mimi nilienda nyuma ya kibanda cha Leseru nikatapika.

Behewa lile lilikatwa likaachwa pale. Abiria walibanana kwenye yale mawili, wanafunzi wakapakatana, na treni ikaenda polepole mpaka Malaba bila neno. Yule mama wa Bungoma alikuwa bado anatufokea kupitia dirishani.

Tuliporudi Eldoret, Bwana Kimutai alikuwa ameshaandika ripoti. Alinisomea. Mvua kubwa, mkaguzi akawa na mashaka, kwa uangalifu wake akaomba treni isimamishwe, ufa ukapatikana. Ripoti ilinifanya shujaa. Mzee Makokha alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika nyundo magotini, anatazama sakafu.

"Bwana Kimutai, ipasue hiyo," nikasema. "Mimi ni kiziwi."

Basi mambo yakaenda kama nilivyokuwa nimeogopa, hatua kwa hatua. Daktari alikuta la kushoto halipo na la kulia limeanza kufuata. Niliitwa Nairobi kujieleza mbele ya wakubwa. Niliporudi, nyundo ilikuwa imepewa mtu mwingine, nami nikapelekwa ofisi ya vifurushi, kupima magunia na kubandika karatasi, kazi niliyoifanya mpaka treni za abiria zilipokoma. Nyumba ya landi tuliiacha. Tulihamia Huruma, chumba kimoja, watu sita. Mama Achieng alipojua, alilia kidogo, kisha akasema, "Kumbe haukuwa na mwanamke," akaanza kufunga vyombo.

Lakini kuna sehemu ambayo sikuwa nimeiogopa, kwa sababu sikuwahi kuifikiria. Treni ile ilikuwa moja. Miezi saba ni treni ngapi? Bwana Kimutai na mimi tulikaa siku mbili na daftari la ukaguzi, tukaandika nambari ya kila behewa lililoondoka Eldoret kwa chaki yangu. Mahindi kutoka Moi's Bridge, mafuta, mbolea, chumvi, nguzo za simu. Tukapiga simu kila stesheni tuliyoweza kuipata: Nakuru, Kisumu, Kitale, Malaba. Tukawaomba wayatafute na kuyagonga.

Majibu yalikuja kidogokidogo, wiki baada ya wiki. Nilikuwa naacha magunia yangu nakimbilia ofisi ya Bwana Kimutai kila simu ikilia. Limepatikana, zima. Limepatikana, zima. Moja lilikuwa na ufa, wakalikata Nakuru. Kila nambari iliyojibiwa aliifuta kwa kalamu nyekundu, na mimi nikalala vizuri kidogo siku hiyo. Mwishowe zikabaki nambari mbili. Yalikuwa mabehewa ya wazi ya kubeba nguzo, na yalikuwa yamevuka mpaka kuingia Uganda. Tuliandika barua, tukaandika nyingine. Siku zile kule kulikuwa na vurugu zake. Hakuna aliyetujibu.

Bwana Kimutai alistaafu, akafa. Mzee Makokha pia ameshalala. Stesheni yenu mnaiona, nyasi zimeota kati ya reli, na mji umegeuza uso kutazama barabara ya malori. Hata yale mabehewa mawili, kwa akili ya kawaida, yalishakatwakatwa yakawa chuma chakavu. Mwanangu Achieng, ambaye sasa ni mama mtu mzima, ameniambia hivyo mara nyingi na amesema kweli.

Nyinyi mnaoanza kazi, za hospitali, za kompyuta, za kuendesha pikipiki na abiria nyuma, mtapata siku yenu ya kushindwa kitu na kukificha. Mtajiambia ni kwa ajili ya watoto. Semeni siku ya kwanza. Siku ya pili itakuwa ngumu zaidi, na mwezi wa saba mtakuwa hamwezi tena kuhesabu ni nani alipita mikononi mwenu.

Mimi siwezi kusikiliza habari. Saa moja jioni redio ikianza, natoka nje, nasimama karibu na geti. Mama Achieng anakaa karibu na redio, anasikiliza peke yake mpaka mwisho, habari za hapa na za ng'ambo ya mpaka. Zikiisha anakuja mlangoni, ananiita kwa sauti kubwa ili nisikie.

"Rudi ndani, Baba Achieng. Hawajataja treni."